Gari la Familia Lililotembea Sana: Ununue au Uachane Nalo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa gerejini, kwenye simu usiku, na mara moja kwenye foleni ya benki na mtu aliyekuwa anakwenda kutoa pesa za gari ambalo hajawahi kuliona likiwashwa asubuhi. Mimi si fundi. Ni mzazi tu ambaye magari yote niliyowahi kumiliki yalikuwa yameshapita kilomita 150,000 kabla hayajafika kwangu. Moja lilinitia hasara, na kisa chake kipo huko chini.

Kilomita ngapi ni nyingi mno?

Kila mtu anataka aambiwe namba moja, na namba hiyo haipo. Nimeona injini imekufa ikiwa na kilomita 110,000 kwa sababu mwenye gari alikuwa anaongezea oili tu, hamwagi. Gari langu la sasa lina 310,000 na oili yake haishuki kati ya sevisi na sevisi. Huko Marekani mwalimu mmoja, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 na kufikisha nayo maili milioni 3 mwaka 2013, karibu kilomita milioni 4.8. Alikuwa akifuata sevisi bila kuruka, na safari zake nyingi zilikuwa ndefu.

Hilo la safari ndefu ndilo watu hulisahau. Kilomita hazilingani. Chukua magari mawili, yote yana 200,000. La kwanza limeishi kwenye foleni za mjini kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa: injini yake imenguruma saa 8,000. La pili limeishi barabara kuu kwa wastani wa 80: injini yake imefanya kazi saa 2,500. Mita inasema mamoja, lakini la mjini limeshindiliwa breki, klachi na giaboksi kwa mara nyingi zaidi, na injini imewashwa ya baridi kila asubuhi kwa safari ya dakika kumi. Ningechukua la barabara kuu hata lingekuwa na 50,000 zaidi.

Kwa kukadiria tu, gari la familia hutembea kama kilomita 15,000 hadi 20,000 kwa mwaka. La miaka 15 likiwa na 230,000 basi limetembea kawaida. Na hakikisha unajua mita inahesabu nini: maili 100,000 ni kilomita 161,000, na kuna wauzaji ambao usipouliza hawakwambii.

Basi bora gari la zamani lenye kilomita chache?

Si lazima. Gari lililokaa sana lina maradhi yake. Mpira hukauka hata gari lisipotembea: sili, mipira ya maji, bushi, mikanda, matairi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Tangi la mafuta linaota kutu ndani, panya wanakula nyaya.

Rafiki yangu alifurahia gari la miaka 14 lenye kilomita 48,000, halisi kabisa, lilikuwa la mzee aliyelitoa siku za mapumziko tu. Ndani ya miezi minne lilianza kuvuja kila mahali, oili, maji, hata usukani. Hakuna kilichochoka kwa kazi. Kila kitu kilikuwa kimekauka kwa kukaa.

Nitajuaje kama mita imerudishwa nyuma?

Mita za kisasa hazihitaji bisibisi. Kuna vifaa vya kuzibadilisha kwa dakika chache, kwa hiyo usidhani kwamba mita ya kidijitali ndiyo ya kuaminika zaidi. Soma gari lenyewe.

Anza na pedeli ya breki. Mpira wake una mistari, na mguu wa dereva huila taratibu upande wa kulia. Mita ikisema 80,000 halafu pedeli imelainika kama kokoto ya mtoni, uliza. Pedeli mpya kabisa kwenye gari kuukuu nayo iulizie: nani hubadilisha mpira wa pedeli bila sababu? Shika usukani pale mkono wa dereva unapokaa, uone kama umeng'aa. Tazama ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlangoni, sehemu inayosuguliwa kila anaposhuka. Kisha fungua mlango na utafute stika za sevisi kwenye fremu yake, au chini ya boneti. Niliwahi kukuta stika ya kumwaga oili iliyoandikwa kilomita 187,400 ndani ya gari ambalo mita yake ilisoma 121,000. Aliyesafisha gari alisahau kuangalia nyuma ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi.

Karatasi ndizo ushahidi mzuri kuliko yote: risiti za gereji, ripoti za ukaguzi, kitabu cha sevisi. Zipange kwa tarehe uone kama kilomita zinapanda kwa mwendo unaoeleweka. Zikishuka popote, ondoka.

Muuzaji anasema taimingi bado haijafika muda wa kubadilishwa. Nimwamini?

Mwombe risiti. Asipokuwa nayo, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea. Taimingi ndiyo inayopanga zamu za pistoni na vali: injini nyingine zina mkanda wa taimingi, nyingine zina cheni. Mkanda ni wa mpira na una ukomo wake, ambao mara nyingi huangukia kati ya kilomita 90,000 na 160,000 kutegemea injini, na una ukomo wa miaka pia. Unakatika bila kukuaga. Kwenye injini nyingi pistoni na vali hutumia nafasi ileile kwa zamu, moja ikipanda nyingine imeshapisha, na kinacholinda zamu hiyo ni mkanda. Ukikatika, pistoni inazigonga vali zikiwa wazi, zinapinda, na hapo bili yake inaweza kukaribia thamani ya gari kuukuu lote. Kubadilisha mkanda mapema, pamoja na pampu ya maji, ambayo mara nyingi inazungushwa na mkanda huohuo, ni kazi ya kawaida ya gereji.

Cheni haina tarehe ya kubadilishwa kama mkanda, na wauzaji hupenda kusema ni ya maisha. Ni ya maisha ikiwa oili ilimwagwa kwa wakati. Cheni iliyolegea hulia kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo, sekunde chache za kwanza injini ikiwashwa ya baridi. Ukisikia sauti hiyo, usikubali kuambiwa "ni kawaida ya modeli hii."

Kwa nini mnasisitiza injini iwe ya baridi mtu anapokwenda kuliona gari?

Kwa sababu mimi sikusisitiza.

Ilikuwa jioni, mvua inanyesha, gari la viti saba lenye kilomita 178,000. Nilipofika lilikuwa linanguruma tayari. Muuzaji akasema amelitoa nje ili nisilowe, nikamwona mtu wa heshima. Tulizunguka nalo robo saa, lilikuwa tulivu kama paka. Asubuhi iliyofuata nililiwasha mbele ya watoto. Lilitoa mlio wa chuma kwa sekunde kama nane, kisha wingu la buluu likafunika geti. Binti yangu mdogo aliuliza kama gari linaungua. Sili za vali zilikuwa zimekufa, na oili ilikuwa inachuruzika usiku kucha kuingia kwenye silinda. Injini ikishapata moto dalili hizo hupungua au hupotea kabisa, na yule bwana alilijua hilo.

Tangu hapo namwambia muuzaji kabla sijatoka nyumbani: usiwashe gari mpaka nifike. Nikifika naweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Likiwa na joto, narudi siku nyingine. Dalali mmoja alinikasirikia. Wa pili alicheka, akasema, "Wewe umeshaumwa." Nililinunua la huyo wa pili.

Moshi unasema nini?

Wa buluu: injini inakula oili. Mweusi: mafuta yanaingia mengi kuliko yanavyoungua. Mweupe mwepesi unaopotea haraka asubuhi ya baridi ni mvuke tu, usikuogopeshe. Mweupe mzito unaoendelea injini ikiwa na moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na hapo gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Fungua na kifuniko cha oili. Ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa kwa ndani, huenda maji na oili vimekutana. Utando kidogo sana unaweza kutokea kwa gari la safari fupi fupi, kwa hiyo linganisha na stiki ya oili na maji ya rejeta kabla hujahukumu. Mfuniko wa rejeta ufungue injini ikiwa ya baridi tu, tafadhali. Gari lililochemsha linaweza kukurushia maji ya moto usoni.

Giaboksi otomatiki yenye kilomita nyingi, niiogope?

Iheshimu. Injini kuukuu hukupa dalili mapema, lakini giaboksi otomatiki ikianza kusema mara nyingi imeshachelewa.

Uliza oili yake ilibadilishwa lini. Utaambiwa ni ya maisha, haibadilishwi. Neno hilo "maisha" lina utata: maisha ya nani? ZF, kampuni ya Ujerumani inayoziundia giaboksi kampuni nyingi za magari, yenyewe hushauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka 8. Kama gari lina stiki ya giaboksi, ichomoe na upanguse kwenye kitambaa cheupe. Kwa oili nyingi za otomatiki unataka wekundu. Kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. CVT, otomatiki isiyo na gia za kupanda moja moja, ina oili yake peke yake, na kuna giaboksi za CVT zilizokufa kwa sababu tu fundi alijaza oili ya otomatiki ya kawaida.

Barabarani, toa mguu kwenye breki ukiwa kwenye D na uone kama gari linashika mara moja au linafikiri kwanza. Panda mlima taratibu. Injini ikipandisha mzunguko bila gari kuongeza mwendo, inateleza. Gia zikibadilika kwa kukupiga mgongoni, andika.

Kwa giaboksi ya mkono jaribio ni rahisi: ukiwa kwenye gia ya nne mwendo mdogo, kanyaga mafuta kwa nguvu. Mzunguko ukiruka na mwendo ukabaki palepale, klachi imekwisha. Klachi hubadilishwa. Haipaswi kukufukuza, ila bei ishuke.

Nikiliendesha kwa majaribio nisikilize nini?

Zima redio kwanza. Muuzaji akiiwasha, izime tena.

Tafuta uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole kulia kisha kushoto. Ka-ka-ka-ka kutoka tairi la mbele ni joint ya ekseli. Pita kwenye matuta na mashimo, usiyakwepe kama unavyofanya na gari lako. Mgongano mzito unaorudia ni bushi, boli joint au shokapu. Kwenye barabara tambarare legeza mikono kidogo uone gari linakwenda wapi lenyewe. Likitetemeka usukanini kwenye mwendo fulani tu, huenda ni balansi ya magurudumu, jambo dogo. Likitetemeka unapokanyaga breki, disiki zina shida.

Muda wote jicho moja liwe kwenye geji ya joto. Ipande mpaka mahali pake na itulie hapo, hata kwenye foleni na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Dakika kumi hazitoshi, endesha nusu saa. Mwishoni liegeshe mahali pakavu likiwa linanguruma, subiri, kisha lisogeze uone limeacha nini chini. Maji safi ya kiyoyozi ni ya kawaida. Chochote chenye rangi kina jina.

Taa ya injini haiwaki, kwa hiyo iko salama?

Washa swichi bila kupiga starta na utazame dashibodi. Taa ya injini, ya breki za ABS na ya mifuko ya hewa lazima zote ziwake kwanza, kisha zizimike. Ile ambayo haikuwaka kabisa ndiyo ya kuitilia shaka: kuna watu wanaoona ni rahisi kung'oa balbu kuliko kutengeneza hitilafu.

Kisha chomeka mashine ya kupima. Magari yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na ya petroli Ulaya tangu 2001, yana tundu la matundu 16 chini ya dashibodi kwa kazi hiyo, na mashine ndogo ya kuunganisha na simu inatosha kwa kuanzia. Hapa kuna ujanja ambao wanunuzi wengi hawaujui. Hitilafu zikifutwa kwenye kompyuta ya gari, majaribio ya ndani ya kompyuta hiyo nayo huanza upya, na yanahitaji siku kadhaa za kuendesha kabla hayajakamilika. Mashine itakuonyesha kama yamekamilika au la. Ukikuta mengi hayajakamilika na hakuna kosa hata moja, mtu amefuta kumbukumbu juzi, au amechomoa betri. Uliza kwa nini.

Dizeli au petroli?

Kwa gari la kupeleka watoto shule na kurudi, petroli. Injini ya dizeli yenyewe inavumilia kilomita, lakini inakuja na turbo, nozeli za shinikizo kubwa na, kwenye za miaka ya karibuni, chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo linahitaji safari ndefu zenye joto ili lijichome na kujisafisha. Ukiliendesha kilomita tatu tatu linaziba. Kama safari zako ni za mbali na una fundi anayejua nozeli, geuza jibu.

Na haibridi, gari la petroli na umeme?

Betri kubwa ndiyo swali lote. Ipimwe kwa kompyuta, seli moja moja, na uone tofauti kati yao. Angalia pia kichujio cha feni inayoipoza, ambacho kwenye modeli nyingi kiko karibu na kiti cha nyuma na huziba kwa nywele za mbwa na makombo ya watoto. Watu hubadilisha betri wakati feni ndiyo iliyokuwa haipumui.

Litabeba watoto. Umri wa gari unapunguza usalama kiasi gani?

Hapa umri una uzito kuliko kilomita. Injini iliyochoka itakuacha njiani, basi. Gari lisilo na vifaa vya kumlinda mtoto ni jambo jingine.

Angalia kama lina mfumo wa kuzuia gari kuserereka, ule ambao taa yake ni gari lenye mistari ya kujipinda nyuma yake. Marekani uliwekwa kuwa lazima kwenye magari madogo ya modeli za 2012, na Ulaya kwenye magari mapya yote kufikia Novemba 2014. Kuna ya zamani zaidi yenye nao na kuna yasiyo nao, hata ndani ya modeli moja. Nikiwa na magari mawili yanayolingana, moja lina mfumo huu na jingine lina viti vya ngozi, sihitaji kufikiri.

Peleka kiti cha mtoto siku ya ukaguzi. Ingiza vidole kati ya mgongo wa kiti na kalio lake utafute vyuma vya kufungia, kisha kifunge kweli, usikadirie kwa macho. Gari likiwa la safu tatu, panda mwenyewe safu ya tatu, funga kila mkanda, uvute ghafla uone kama unakamata. Mikanda ya nyuma kabisa ndiyo ambayo hakuna mtu aliyeigusa kwa miaka.

Kisha namba ya chesesi iangaliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari lina wito wa marekebisho ambao haujafanyiwa kazi. Usione ni urasimu. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, ilirudishwa kwa mamilioni, zaidi ya milioni 60 Marekani pekee, kwa sababu kemikali ya kuijaza huharibika kwa joto, unyevu na miaka, na ikilipuka hurusha vipande vya chuma kwa aliyeketi mbele yake. Magari hayo ni ya umri huu huu unaoutafuta.

Na matairi: pembeni kuna tarakimu nne za mwisho wa alama za DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi lenye meno mazuri bado ni la kutupa.

Ajali, kutu na mafuriko nivione wapi?

Ajali ndogo iliyonyooshwa vizuri sio mwisho wa dunia. Lichuchumalie gari mchana, jua likipiga ubavuni, utazame rangi kwa mshazari. Nafasi kati ya milango zilingane. Nati za mafenda chini ya boneti ziwe na rangi isiyokwaruzwa na spana. Zilizokwaruzwa zinakwambia fenda limewahi kutoka.

Kutu juu ya bodi ni aibu tu. Kutu kwenye chesesi, pale penye viungo vya springi na chini ya milango, ni hatari. Fundi agongegonge kwa bisibisi gari likiwa juu, chuma kisikike kama chuma.

Gari la mafuriko silitaki kwa bei yoyote. Vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho wake kabisa. Watu huosha viti, hubadilisha kapeti, hupulizia manukato, lakini mkanda hurudi kujisokota ndani na mstari wa tope unabaki pale. Kisha pitisha kidole kwenye reli chini ya viti.

Fundi amepata kasoro. Nighairi?

Gari la umri huu likikutwa halina kasoro, badilisha fundi.

Kuna zinazoshusha bei: shokapu, bushi, breki, matairi, betri, klachi, kiyoyozi kisichopoza, mikanda ya nje, uvujaji mdogo wa oili. Orodhesha zote, fundi aandike gharama yake, ukae na muuzaji mezani. Kuna zinazokuondoa: gasketi ya silinda hedi, giaboksi inayoteleza, kutu ya chesesi, dalili za mafuriko, taa ya mifuko ya hewa iliyofichwa, na namba ya chesesi isiyolingana na hati. Hizi usizijadilie bei. Mimi mwenyewe naongeza moja isiyo ya kiufundi: muuzaji aliyenidanganya jambo dogo ambalo ningeligundua kwa urahisi. Sijui amedanganya nini kwa yale ambayo siwezi kuyaona.

Fundi awe wako, asiwe wa muuzaji, na asiwe yule anayepata kitu gari likiuzika. Mlipe hata usiponunua. Nilishamlipa fundi mara tano kwa magari matano ambayo sikuyachukua, na wala sijutii.

Nitajuaje kama bei ni nzuri?

Bei ya kununulia ni awamu ya kwanza tu. Pesa uliyonayo igawe mafungu matano, manne yatafute gari, la tano lisiguswe. Hilo la tano litalipa mkanda wa taimingi, oili zote, matairi mawili, na kile ambacho fundi hakukiona. Ukitumia yote kununua, kasoro ya kwanza itakukuta mikono mitupu, na gari zuri litaanza kuharibika kwa kukosa matunzo.

Linganisha pia kwa kilomita utakazozipata. Chukua bei, toa kiasi ambacho bado utaweza kuliuzia baadaye, ongeza matengenezo unayoyatarajia, gawa kwa kilomita utakazotembea. Mara nyingi gari lenye 220,000 na karatasi zake zote hushinda lenye 130,000 lisilo na historia, hata kama la pili linang'aa. Angalia na upatikanaji wa spea. Gari la kifahari la zamani huuzwa kwa bei ya gari la kawaida, ila spea zake zinajua ni za kifahari.

Muuzaji anasema kuna mtu mwingine anakuja saa kumi.

Mwache aje.

Hati je?

Jina kwenye hati liwe la mtu uliyekaa naye, au awe na idhini ya maandishi ya mwenyewe. Namba ya chesesi ina herufi na tarakimu 17 kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981, na haina herufi I, O wala Q, kwa kuwa zinachanganywa na 1 na 0. Isome mwenyewe kwenye chuma na kwenye kibandiko cha mlango, kisha ulinganishe na karatasi herufi kwa herufi. Ukikuta pamekwaruzwa au pamepakwa rangi mpya, kuuziwa mbuzi kwenye gunia kumeanzia hapo. Hakikisha pia gari halidaiwi mkopo. Pesa itoke siku hati inapobadilishwa jina, si kabla.

Nimeshanunua. Nianze na nini?

Mwaga oili ya injini na ubadilishe filta wiki hiyohiyo, hata ukiambiwa ilimwagwa jana. Mafuta ya breki, maji ya rejeta, filta ya hewa, vifuate. Taimingi ya mkanda bila risiti, ibadilishe kabla ya safari yoyote ndefu.

Nunua daftari, uliweke kwenye kisanduku cha dashibodi, uandike tarehe, kilomita na kilichofanyika. Kwa mwezi wa kwanza vuta stiki ya oili kila wiki, asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, na uandike kiwango. Ikishuka zaidi ya lita moja ndani ya kilomita 1,000, rudi kwa fundi na daftari mkononi. Ikishuka kidogo tu, weka chupa ya oili kwenye buti na uendelee na safari zako.